Henry Royce, Fundi wa Motokaa

Katika gazeti letu tumekwisha kusoma habari za wafalme, za majemadari, na za wapelelezi waliovuka bahari na majangwa. Safari hii nataka kuwaeleza habari za fundi. Huyu ni Henry Royce, Mwingereza, aliyezaliwa tarehe 27 Machi 1863 katika kijiji cha Alwalton, karibu na mji wa Peterborough. Wengi wetu tunalijua jina lake nusu tu, maana limefungwa pamoja na la mwenzake: Rolls-Royce. Watu hulitaja jina hilo wakitaka kusifu kitu chochote kilichoundwa vizuri sana, hata kama motokaa yenyewe hawajapata kuiona kwa macho. Lakini Rolls alikuwa mwana wa bwana mkubwa, tena alikufa angali kijana. Fundi alikuwa Royce. Naye kazi ya motokaa aliianza kwa kuifungua motokaa kuukuu iliyotengenezwa na watu wengine, akaipima kipande kwa kipande, akaiuliza maswali. Msomaji akilishika neno hilo atafahamu kwa nini leo, zaidi ya miaka mia moja baadaye, ziko motokaa za Royce zilizolala vumbini miaka mingi, kisha zikaamshwa zikatembea.

Baba yake, James Royce, alikuwa na kinu cha kusaga unga. Kazi ikamharibikia, akahamia London kutafuta riziki, na huko mwaka 1872 akafa katika umaskini. Henry alikuwa na umri wa miaka 9, naye ndiye kitindamimba wa watoto watano. Tangu hapo alikula kwa jasho lake. Aliuza magazeti barabarani, kisha akapeleka simu za maandishi nyumba kwa nyumba. Masomo yake yote ya shule, ukiyajumlisha, yapata mwaka mmoja tu. Nimewaona wanafunzi wanaonung'unika wakipewa hesabu kumi za kufanya jioni; yule mtoto angelifurahi kupewa hata moja.

Mwaka 1878 shangazi yake alimwonea huruma, akakubali kulipa paundi 20 kila mwaka ili Henry awe mwanagenzi katika karakana za reli huko Peterborough. Mwenye nyumba aliyempangisha alikuwa na banda dogo la kazi nyuma ya nyumba, na ndani yake mlikuwa na mashine ya kukereza chuma. Mchana kijana alijifunza karakanani, na jioni akajifunza bandani namna ya kushika tupa na kukereza chuma hata kikae sawa. Lakini baada ya miaka mitatu shangazi aliishiwa na fedha, na uanagenzi ukakatika katikati. Royce akatoka bila cheti. Katika nchi ile na wakati ule fundi asiyemaliza uanagenzi alikuwa kama mtu aliyefukuzwa mlangoni. Alitafuta kazi siku nyingi, hatimaye akaipata mjini Leeds katika kiwanda cha vyombo vya ufundi, kwa mshahara wa shilingi 11 kwa juma, na saa za kazi 54.

Siku zile umeme ulikuwa jambo jipya, na kwa jambo jipya hakuna aliyekuwa na cheti. Royce aliliona hilo mapema. Akaenda London kufanya kazi katika kampuni ya taa za umeme, na usiku akahudhuria masomo. Kampuni ikampeleka Liverpool kusimamia kazi ya taa, kisha kampuni yenyewe ikafilisika. Mwaka 1884, akiwa na umri wa miaka 21, alifungua karakana yake mwenyewe katika barabara ya Cooke Street, mjini Manchester. Alitia paundi 20 alizoziweka akiba, na rafiki yake Ernest Claremont akatia paundi 50. Walilala juu ya karakana na kupika humo humo. Walianza na kengele za umeme za milangoni na vishikio vya taa. Baadaye wakafanya dainamo, na mwisho winchi za umeme za kuinulia mizigo bandarini na viwandani. Dainamo za Royce zilisifiwa kwa kuwa hazikutoa cheche ovyo, na winchi zake zilidumu. Mambo yakamnyokea, akaoa, akajenga nyumba katika mji wa Knutsford.

Hata hivyo yafaa tuseme kweli: hakujua kupumzika. Alisahau kula. Husimuliwa kwamba kijana mmoja wa karakana alitumwa kumfuata huku na huku na gilasi ya maziwa mpaka ainywe. Kila kipande kilichotoka mikononi mwa mafundi wake alitaka kukiona, na kisichompendeza kilirudiwa. Kisha, mwanzoni mwa karne ya ishirini, winchi za bei rahisi kutoka Ujerumani na Marekani zikaingia sokoni. Wenzake walimshauri apunguze gharama kwa kupunguza ubora. Akakataa. Mashaka yalipozidi, mwili wake ukamshinda mwaka 1902, madaktari wakamwamuru apumzike, naye akasafiri pamoja na mkewe mpaka Afrika ya Kusini.

Aliporudi alinunua motokaa.

Ilikuwa Decauville ya Kifaransa, ya nguvu za farasi 10, injini ya silinda mbili, nayo ilikwisha kutumiwa na mtu mwingine. Msomaji akumbuke kwamba mpaka mwaka 1896 sheria ya Uingereza ilitaka gari lolote la injini litanguliwe na mtu aendaye kwa miguu, kana kwamba ni ng'ombe mkali. Miaka saba tu ilikuwa imepita tangu hapo. Mwenye motokaa alihesabiwa kuwa tajiri mwenye wazimu kidogo. Safari ya maili 20 ilikuwa sababu ya kuandika barua nyumbani.

Decauville haikuwa motokaa mbaya. Kwa wakati wake ilikuwa miongoni mwa zilizo nzuri. Lakini ilitetemeka, ilipiga kelele, ilipata joto kupita kiasi, na umeme wake wa kuwashia mafuta haukuaminika. Mtu mwingine angeliirudisha kwa muuzaji na kugombana naye. Royce aliiingiza karakanani mwaka 1903, akaifungua yote. Nataka vijana wa ufundi waitazame kazi hii vizuri, maana ndiyo kazi ile ile anayoifanya kila mtu anayefufua gari la zamani. Kufungua tu si kazi. Hata mwizi hufungua. Kila kipande kilisafishwa, kikapimwa, kikachorwa, na kila mara swali likaulizwa: hiki kimechakaa upande huu kwa nini? Beringi hii imekula upande mmoja. Je, mafuta hayakufika, au mhimili umepinda? Bolti hii imelegea. Je, fundi alisahau kuikaza, au mtetemeko ndio ulioifungua? Chuma kilichochakaa ni kama kitabu, nacho husomwa na anayejua herufi zake. Royce, ambaye herufi za shule alizipata kidogo sana, hizi alizisoma mpaka mwisho.

Alipokwisha kuisoma Decauville aliamua kutengeneza motokaa tatu zake. Mpango wa jumla hakuubadili. Injini ilikuwa ya silinda mbili vile vile. Alichokibadili ni kila kitu kidogo: kabureta, mfumo wa umeme, rejeta, namna ya kunyamazisha moshi unapotoka, na usahihi wa kila gurudumu la meno. Vijana wawili wanagenzi walifanya kazi pamoja naye usiku na mchana. Claremont hakupendezwa, kwake kampuni ya winchi ilikuwa ikipoteza fedha kwa mchezo. Tarehe 1 Aprili 1904 motokaa ya kwanza ikawashwa, na Royce akaiendesha mwenyewe kutoka Cooke Street hata nyumbani kwake Knutsford, yapata maili 15. Inasimuliwa kwamba mafundi walizigonga meza zao kwa nyundo kwa furaha alipokuwa akitoka mlangoni. Nami naamini kwamba Claremont mwenyewe alipumua.

Sasa aingie yule mwenzake. Charles Rolls alizaliwa mwaka 1877, mwana wa Lord Llangattock. Alisoma Cambridge, alishindana kwa motokaa, akaruka kwa mapulizo, na mjini London alikuwa na duka la kuuza motokaa za kigeni. Kitu kimoja kilimuudhi: kila motokaa nzuri aliyoiuza ilitoka ng'ambo. Aliposikia habari za motokaa ya Manchester isiyotetemeka hakuamini sana, kwa kuwa injini za silinda mbili alizijua na hakuzipenda. Walikutana tarehe 4 Mei 1904 katika Hoteli ya Midland, Manchester. Mmoja alikuwa na miaka 26, mrefu, mwenye nguo za mtindo. Mwingine miaka 41, mwenye ndevu na mikono ya karakana. Baada ya kupanda motokaa ile, Rolls alikubali kuuza kila motokaa ambayo Royce angetengeneza. Mapatano yakaandikwa mwezi wa Desemba mwaka ule ule, na kampuni ya Rolls-Royce ikaundwa mwaka 1906. Mtu wa tatu alikuwa Claude Johnson, aliyesimamia biashara. Hasifiwi sana, lakini bila yeye nadhani wale wawili wangelitengana kabla ya mwaka kupita.

Mwishoni mwa mwaka 1906 Royce alionyesha motokaa kubwa mpya ya nguvu za farasi 40 na 50, yenye silinda sita zilizopangwa katika makundi mawili, tatu tatu. Wengi walizisema vibaya injini za silinda sita, maana mhimili wake mkuu, ule ambao mafundi wetu huuita krenki, ulikuwa mrefu, ukajinyonga na kuvunjika. Royce aliufanya wake uwe mnene na imara, akaukalisha juu ya beringi 7, na mafuta yakasukumwa kwa pampu mpaka ndani ya kila beringi. Umeme wa kuwashia aliuweka wa namna mbili, ili njia moja ikifa njiani ile ya pili iendelee. Fremu yake haikushikwa kwa ribiti zilizogongwa kwa nyundo. Alipendelea bolti zilizochongwa ziwe nyembamba kidogo upande mmoja, na tundu lake likatobolewa kwa umbo lile lile, hata bolti ikaingia na kubana kila mahali. Kazi hiyo huchukua saa nyingi. Lakini ribiti ukitaka kuitoa sharti uivunje. Bolti huifungua, ukatengeneza, ukairudisha. Hilo ni jambo dogo, nami nalitaja kwa kuwa linatuhusu tutakapofika mwisho.

Mwaka 1907 Johnson alichagua moja ya motokaa hizo, nambari ya fremu 60551, akaipaka rangi ya fedha, vifaa vyake vikatiwa fedha juu, ikapewa nambari ya barabarani AX 201. Akaiita Silver Ghost, yaani Mzuka wa Fedha, kwa kung'aa kwake na kwa kupita kimya. Baadaye watu wakaziita motokaa zote za aina ile kwa jina hilo, lakini mwenye jina kwa haki ni huyo mmoja. Johnson akataka ulimwengu uone. Motokaa ikaingizwa katika mashindano ya uvumilivu huko Scotland, kisha ikatumwa kwenda na kurudi kati ya London na Glasgow, usiku na mchana, isipokuwa Jumapili, chini ya macho ya wasimamizi wa chama cha wenye motokaa. Ilipofika maili 629 ikasimama: bomba la petroli lilikuwa limejifunga lenyewe kwa mtikiso. Likafunguliwa kwa dakika moja. Tangu hapo ikaenda maili 14,371 bila ya kusimama kwa ubovu hata mara moja.

Maili 15,000 zilipotimia wasimamizi waliomba motokaa ifunguliwe yote mbele yao, kama vile Royce alivyoifungua Decauville. Wakapima. Vipande vilivyohitaji kubadilishwa ili iwe kama mpya viligharimu paundi 2, shilingi 2 na peni 7. Magazeti yaliandika sana juu ya maili. Mafundi waliipenda zaidi ile hesabu ya peni.

Mwaka 1908 kiwanda kipya kilifunguliwa mjini Derby. Huko paliundwa mashine ya ajabu ya kutikisa fremu: magurudumu yenye nundu yaliipiga motokaa kutoka chini mfululizo, ili ivunjike kiwandani kabla haijamvunjikia mnunuzi barabarani. Mashimo ya miaka mingi yakapitwa kwa siku chache pasipo kusogea hata yadi moja. Nikipita katika barabara zetu wakati wa masika, namkumbuka aliyeibuni.

Basi hapo ungetazamia Royce afurahie matunda yake. Haikuwa hivyo. Rolls alikuwa ameipenda eropleni kuliko motokaa. Mwezi wa Juni 1910 aliruka kutoka Uingereza hata Ufaransa na kurudi bila kutua, mtu wa kwanza kufanya hivyo. Na tarehe 12 Julai mwaka ule ule, katika maonyesho huko Bournemouth, mkia wa ndege yake ulivunjika, akaanguka akafa. Alikuwa na umri wa miaka 32. Mwaka uliofuata Royce mwenyewe akaanguka kitandani, na mwaka 1912 alipasuliwa kwa ugonjwa wa matumbo. Madaktari hawakumpa muda mrefu. Miaka ya kusahau kula, tangu njaa ya utotoni mpaka usiku wa Cooke Street, ilikuwa imedai deni lake. Yeye aliyetaka kila mashine ipumzishwe na kutiwa mafuta, mwili wake hakuutendea hivyo.

Johnson akafanya jambo la hekima, ingawa ni gumu. Alimweka Royce mbali na kiwanda. Wakati wa baridi alikaa Le Canadel, kusini mwa Ufaransa kando ya bahari, na wakati wa joto alikaa pwani ya Uingereza, mwishowe katika kijiji cha West Wittering. Mkewe hawakukaa pamoja tena. Aliyemtunza ni muuguzi, Ethel Aubin, na ni wazi kwamba bila yeye asingaliishi. Royce aliishi miaka 20 zaidi, na katika miaka hiyo karibu hakukanyaga tena kiwanda chake. Wachoraji na wahandisi walimwendea yeye. Michoro ilisafiri kwa posta kwenda na kurudi, na kila mchoro ulirudi na masahihisho. Mafundi wa Derby waliogopa bahasha zake, kisha wakazikusanya na kuzifanya kitabu cha kufundishia.

Vita vya 1914 vilipoanza, serikali ilihitaji injini za ndege. Ilitokea kwamba motokaa moja ya mashindano ya Mercedes, aina iliyoshinda Ufaransa mwaka ule, ilikuwa imekwama London. Ikapelekwa Derby, ikafunguliwa kipande kwa kipande. Ni Decauville mara ya pili. Kutokana na masomo ya namna hiyo, na kutokana na akili yake mwenyewe pale kando ya bahari, Royce alibuni injini ya ndege ya silinda 12 iitwayo Eagle. Mbili za aina hiyo ndizo zilizowavusha Alcock na Brown juu ya Bahari ya Atlantiki bila kutua, mwezi wa Juni 1919, kwa mara ya kwanza katika historia.

Motokaa zenyewe pia ziliingia vitani. Fremu za Silver Ghost zilivikwa deraya na kutiwa bunduki za rasharasha. Zilitumika katika majangwa ya Arabuni pamoja na T. E. Lawrence, na chache zililetwa hata Afrika Mashariki katika vita vya mwaka 1916. Huku kwetu zilikuta matope na vijia vya miguu, na mara nyingi kilichoendelea mbele ni kichwa cha mpagazi. Kati ya fremu ile isiyovunjika na bega la Mwafrika aliyebeba mzigo kutoka Moshi kwenda kusini, historia ya vita vile imeliandika la kwanza kwa wino mzito zaidi. Wazee wetu walijua kilichobeba vita.

Baada ya vita Royce alitengeneza motokaa ndogo zaidi mwaka 1922, na mwaka 1925 ikaja Phantom kuirithi Silver Ghost. Sizisemi sana, zilikuwa nzuri, na zilikuwa za matajiri. Hiyo ni kasoro ambayo wasifu wake wengi huiruka: yule mtoto muuza magazeti alitumia maisha yake kutengeneza kitu ambacho muuza magazeti asingeweza kukinunua kamwe. Sijui kama jambo hilo lilimsumbua. Alijiita fundi tu mpaka mwisho, hata baada ya kupewa cheo cha baroneti mwaka 1930 na kuitwa Sir Henry.

Cheo hicho kilitokana na ndege. Kulikuwa na mashindano ya ndege za baharini yaitwayo Schneider, na kwa ajili yake Royce, mgonjwa mwenye umri wa miaka 65 na zaidi, alibuni injini yenye nguvu kupita zote zilizojulikana. Uingereza ilishinda mwaka 1929, ikashinda tena 1931, na mwezi wa Septemba mwaka huo ndege yenye injini hiyo ilipita mwendo wa maili 400 kwa saa. Kutokana na elimu hiyo akaanza injini nyingine, ambayo baadaye iliitwa Merlin. Hakuisikia ikinguruma. Alikufa West Wittering tarehe 22 Aprili 1933, na injini iliwashwa kwa mara ya kwanza mwezi wa Oktoba. Ndiyo iliyorusha ndege za Spitfire na Hurricane mwaka 1940. Majivu yake yamezikwa katika kanisa la Alwalton, kijiji alichozaliwa. Wako wanaosema kwamba herufi mbili za R katika alama ya kampuni ziligeuzwa kutoka nyekundu kuwa nyeusi kwa ajili ya kumwomboleza. Hadithi hiyo ni nzuri, lakini rangi ilikwisha kuamuliwa kabla hajafa.

Imebaki habari ya motokaa zake. AX 201, baada ya safari zake za 1907, iliuzwa mwaka 1908 kwa mnunuzi wa kawaida, ikatumika kama motokaa yoyote ya nyumbani, kwa safari, kwa mizigo na kwa karamu. Kampuni iliipata tena mwaka 1948, miaka 40 baadaye, ikiwa imekwenda maili nyingi mno. Zinazotajwa ni zaidi ya nusu milioni. Ilitengenezwa, ikang'arishwa, nayo hutembea.

Si zote zilizokuwa na bahati hiyo. Siku zile tajiri alinunua fremu na injini kwa Rolls-Royce, kisha akapeleka kwa seremala wa magari avike mwili juu yake. Mtindo ukibadilika, mwili ulitolewa ukavikwa mwingine. Motokaa ikizeeka, iliuzwa kwa mtu ambaye aliifanya gari la kubebea maiti, au lori la kuvutia magari mabovu, au ikaegeshwa bandani shamba mpaka mjukuu aliposahau kilichomo. Kwa hiyo anayetaka kujua asili ya motokaa iliyopatikana bandani hawezi kuamini mwili wake, wala rangi, wala hata nambari ya barabarani, maana vyote huhama. Huamini nambari ya fremu. Kwa nambari hiyo hutafutwa kadi za kiwanda, ambazo kwa motokaa nyingi zimehifadhiwa mpaka leo huko Uingereza na chama cha wapenzi wa Rolls-Royce kilichoanzishwa mwaka 1957. Humo huandikwa aliyeinunua kwanza, siku iliyojaribiwa barabarani, na aliyeuvika mwili. Ndipo inapogundulika kwamba lori la kuvutia magari mabovu lilianza maisha likimpeleka bibi arusi kanisani.

Na kuifufua? Jambo la kwanza ni kutoiwasha, ingawa ndilo linalotamaniwa na kila mtu aliyesimama kando. Injini iliyolala miaka 30 ikizungushwa kwa nguvu huvunja yenyewe kilichokuwa kimeponea. Mafundi wanaojua humwaga mafuta ya zamani, hutia mafuta mepesi ndani ya kila silinda kwa tundu la plagi, huacha siku kadhaa, kisha huizungusha kwa mkono, polepole, wakisikiliza. Tangi la petroli husafishwa kutu. Mipira ya maji na matairi hutupwa, hata vikionekana vizima. Njia za mafuta ya kulainisha huzibuliwa moja moja, kwa maana beringi saba za Royce hazina faida ikiwa mafuta hayazifikii. Ndipo hufunguliwa zile bolti zilizochongwa, nazo hutoka, baada ya miaka mia moja, kama zilivyokusudiwa kutoka. Kipande kilichochakaa hupimwa na kutengenezwa kingine kwa mashine ya kukereza.

Lipo shauri moja ambalo wenye magari hayo hawajapatana. Wengine hung'oa ngozi ya viti iliyopasuka, hukwangua rangi ya zamani, na motokaa hutoka inang'aa kama sahani ya duka. Wengine huiacha ngozi na mikwaruzo yake, hutengeneza injini na breki tu. Mimi niko upande wa hawa wa pili. Rangi mpya yaweza kupakwa siku yoyote, lakini alama ya kiwiko cha dereva aliyeegemea mlango kwa miaka 20 ikishafutwa haiandikiki tena.

Motokaa ya zamani kuliko zote za Rolls-Royce iliyobaki ni moja ya silinda mbili ya mwaka 1904, nambari 20154. Iliponadiwa London mwaka 2007 ilinunuliwa kwa zaidi ya paundi milioni 3 na nusu. Na zile tatu za kwanza kabisa, alizozitengeneza Royce Cooke Street baada ya kuifungua Decauville, hakuna hata moja iliyobaki nzima. Zilitumika mpaka zikachoka, zikavunjwa, vipande vyake vikatawanyika, kwa kuwa wakati ule hakuna aliyefikiri kwamba kuna mtu atakayezitafuta.